Hodi ya Binti wa Duka la Misumari

Binti wa duka la misumari, linalotazamana na cherehani yangu hapa Kilindoni, akiwa likizo ya chuo hupanga kompyuta mbili kuukuu juu ya kaunta na kuziunganisha kwa waya. Moja anaiita mwizi, nyingine mwenye nyumba. Muhula ujao wana mazoezi ya maabara ya usalama wa kompyuta, na hataki kufika hajui kitu. Kwanza huchomoa waya wa intaneti, akaukunja, akaukalia, asije akamgusa asiyehusika. Vidole vyake vyenye vumbi la saruji husimama juu ya kibodi. "Hodi," husema taratibu. Kisha huhamia kiti cha mwenye nyumba na kujijibu, "Karibu." Ndipo anaporudi kwa mwizi na kubonyeza, aingie kwa mwenye nyumba. Wiki mbili nzima nilimcheka.

Juzi mume wangu, askari wa hifadhi ya bahari, alirudi doria akalala. Ile simu yake inayomchekesha peke yake siku hizi nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikavuka barabara.

"Nifungulie, mwanangu. Dakika moja tu."

Aliipokea kwa mikono miwili, akafuta kioo kwa mtandio. Nikajua kazi imeanza.

"Mwenyewe kasema karibu, Mama Chiku?"

"Mwenyewe kalala."

Akanirudishia, akaendelea kumpimia mteja misumari. Nikaondoka nimenuna. Nilipofika mlangoni kwangu, mlango ninaouingia mwaka wa kumi na nane huu, nikajikuta nimesimama, nabisha hodi.