Kope na mkono ulioambiwa usiume

Saa moja asubuhi, chai haijachemka, Kope ameshajaza beseni maji ya uvuguvugu na kutumbukiza mikono yote miwili hadi juu ya vifundo. Ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao, kichwa ameegemeza ukutani, macho ameyafumba.

Hatua chache kutoka hapo, kaka yake ameweka mguu juu ya ukuta mfupi wa kibaraza na anajinyoosha mpaka paji la uso linagusa goti. Huyu ni golikipa wa kulipwa. Mashabiki wa klabu yake wanamwita Komeo, kwa sababu, wanasema, akishafunga amefunga.

Mama yao anapita katikati na ndoo ya nguo. Anamtazama huyu, anamtazama yule.

"Mmoja anajivunja kiuno, mwingine anaogesha viganja," anasema. "Na wote mtaniambia mko kazini."

"Tuko kazini, Mama," wanajibu kwa pamoja.

Kope anatoa mikono majini na kuanza mazoezi. Anakunja vidole na kukunjua, anasukuma ukuta kwa kiganja, anazungusha vifundo. Mkono wa kushoto unatii. Wa kulia unafika nusu ya mzunguko, unagoma. Haraka haraka anaufunika kwa taulo na kutupa jicho kule kwenye kamba. Mama anaanika nguo, amewapa mgongo.

Kope ni binti wa miaka ishirini na mitatu na anacheza gemu za kompyuta kwa malipo. Ukiwaambia watu hivyo, nusu yao hucheka na nusu huuliza kama kuna nafasi nyingine. Wachezaji watano wa timu yao, wa sita akiwa akiba, hupambana na watano wengine katika mchezo wa kulinda ngome na kubomoa ya adui. Kila mmoja ana kompyuta yake, hedifoni masikioni, mkono wa kushoto kwenye kibodi, wa kulia kwenye kipanya.

Jina la Kope alilipata siku aliyomaliza mchezo mzima bila kupepesa. "Tulidhani amekufa akiwa ameketi," anasema mwenzake mmoja. "Nikapitisha mkono mbele ya uso wake. Akaniambia nitoe mkono wangu, nampunguzia uwanja."

Jumamosi hii timu inacheza pambano la pili na la mwisho la kufuzu ligi kuu. Wakishinda, posho ya Kope, ambayo kwa sasa hailingani hata na mshahara wa muuza duka, itageuka kuwa mkataba wa mwaka mzima. Wakishindwa, mfadhili ameshadokeza, kwa tabasamu, kwamba atafungasha virago.

Kwa hiyo wiki hii Kope hana hali. Chakula hakipandi. Mlango ukibamizwa na upepo anaruka.

"Nikisema mimi ni mwanamichezo, watu hunitazama tumbo," anasema. "Wanatafuta jasho. Mimi jasho langu liko viganjani."

Kaka yake alikuwa wa kwanza kucheka. "Nilikuwa namwambia, mdogo wangu, mchezo gani huo, ukianguka unaangukia kwenye mto?" anakumbuka Komeo. Kilichomfunga mdomo ni saa ya mkononi.

Klabu ya Komeo huwapa wachezaji saa zinazopima mapigo ya moyo. Siku moja, kwa utani tu, alimvisha dada yake saa hiyo kabla ya mechi, kisha akasimama nyuma yake. Mechi ilifika mahali Kope akabaki peke yake mbele ya maadui watatu. Mgongo haukutikisika, uso ulikuwa mkavu kama wa mtu anayesubiri zamu yake benki. Lakini saa ilisoma mia moja hamsini na nane.

"Mimi hufika hapo nikisubiri penalti," anasema Komeo. "Lakini mimi ninakuwa nimekimbia, nimepigwa viwiko, nimetukanwa na jukwaa zima. Huyu amekaa kwenye kiti cha plastiki!"

Alimpelekea mama yao saa ile. Mama aliitazama, akaigeuza, akasema imeharibika. Hata hivyo, tangu siku hiyo hajasema tena "kazi ya kukaa". Na yai la asubuhi, ambalo lilikuwa la golikipa peke yake, sasa huwekwa kwenye sahani mbili.

Ukiwasikiliza kaka na dada hawa wakizungumza mezani, unaweza kusahau nani anacheza nini. Wote hulala mapema kabla ya mechi na wote hulala vibaya. Wote hutazama rekodi za wapinzani mpaka wanajua nani hupenda kushambulia kushoto. Wote hurudia jambo moja dogo mara nyingi mno, mpaka mwili ulifanye kabla akili haijauliza.

"Tofauti yetu ni moja," anasema Kope. "Yeye akifungwa, ana mabeki wa kuwalaumu."

Komeo anacheka, kisha uso wake unabadilika. "Tofauti ipo nyingine," anasema. "Mwili wangu una watu wanaoulinda. Kuna daktari, kuna mchua misuli, kuna mpaka mtu wa kunikataza chumvi. Nikichechemea hatua mbili uwanja mzima unajua. Mkono wake yeye una nini? Una beseni."

Maumivu yalianza kama sindano kwenye shina la kidole gumba. Kope aliyapuuza. Yakapanda hadi kwenye kifundo, yakaweka kambi. Siku hizi sufuria anainua kwa kushoto, na nywele anazifunga akitumia mkono mmoja na meno. Akishika kipanya anauma ulimi kidogo, na hakuna anayeona, kwa sababu kila mtu katika chumba kile anatazama skrini yake.

Alimweleza mwandishi wa makala haya habari hizi siku ya Jumanne, kisha akashtuka, kama mtu aliyejikuta ameropoka msibani.

"Andika yote," aliomba, "lakini hilo liache."

Aliulizwa kwa nini. Alichezea pindo la taulo.

"Kile kiti ninachokalia kilikuwa cha mwenzangu," alisema. "Jumatatu moja alisema mkono unamuuma. Wiki haijaisha, kiti kikawa changu. Nilikipata kwa mkono wa mtu kuuma, unaelewa? Sasa anauza makava ya simu pale njia panda. Tunasalimiana vizuri tu. Hunipa mkono wa kushoto."

Basi akawa anajikaza kisabuni. Na katika kujikaza huko ndipo alipofanya kosa ambalo labda lingemtokea mcheza gemu mwenye kaka golikipa, na si mtu mwingine yeyote.

Jumamosi iliyopita, kabla ya pambano la kwanza la kufuzu, aliingia chumbani kwa Komeo, akachukua dawa ya kuchua ambayo wanasoka hujipaka misulini, ile inayowaka kama pilipili. Akajipaka kifundoni kwa ukarimu. Mkono ukapata joto, maumivu yakarudi nyuma. Akaenda kucheza akiwa na furaha kuliko siku zote za mwezi ule.

Sasa, mtu asiyepepesa macho humkauka, na macho yakikauka huyafikicha. Katikati ya raundi ya pili Kope alifikicha.

"Niliona nyota," anasema. "Niliona na sayari zake."

Aliendelea kucheza huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Raundi ile waliipoteza, na kushinda kwao mwishoni kulikuwa kwa tundu la sindano. Watazamaji waliokuwa wakifuatilia mtandaoni waliyaona machozi kwenye kamera wakaguswa mno. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kumwona mchezaji mwenye uchungu na timu yake kiasi kile. Kocha naye alimpiga Kope begani na kusema, "Moyo huo ndio ninaoutaka." Kope alitamani sakafu impokee.

Nyumbani, Komeo alimnusa tangu mlangoni. "Harufu ile naijua kama jina langu," anasema. Hakugomba. Kesho yake alimpeleka kimya kimya kwa mchua misuli wa klabu yake, mzee mwenye vidole vinene asiyependa maneno mengi. Mzee alimwambia Kope afiche kidole gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe mkono kuelekea kidole cha mwisho. Kope alipiga ukelele.

Jibu lilikuwa fupi. Mkono umechoka kama unavyochoka mguu wa mkimbiaji, nao unataka kupumzika wiki kadhaa, kuanzia siku ile. Ukilazimishwa, huenda wiki zikawa miezi, na huenda kisu kikahitajika.

Pambano lilikuwa limebakiza siku sita.

Komeo hakumwambia dada yake afanye nini. Alimsimulia tu habari ambayo Kope alikuwa hajawahi kuisikia yote. Kwamba misimu mitatu nyuma aliumia nyonga mazoezini akaficha, kwa sababu alitaka mechi moja tu, ile kubwa. "Mechi niliipata," anasema. "Msimu nikaukosa. Lakini ukinirudisha siku ile, Mungu ananiona, sijui kama ningesema."

Asubuhi hii ya Alhamisi, mezani, Kope ananyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama anamimina chai, hamtazami.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema Mama.

"Mama, mimi siumwi."

"Nimekutaja? Naongea na birika."

Hakuna anayecheka. Komeo anavua saa yake na kumfunga dada yake mkono wa kushoto. "Nenda nayo," anasema. Kope anaondoka roho mkononi, yai hajalimaliza.

Chumba cha mazoezi kiko ghorofani, juu ya duka la viatu. Madirisha yamebandikwa makaratasi ili mwanga usipige skrini. Feni inazunguka kwa mlio wa kulalamika. Kabla kompyuta hazijawashwa kuna desturi moja ambayo haina mzaha. Wachezaji huweka mikono mezani, viganja chini. Kocha, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na bado anatembea kama anasimamia mtihani, hupita nyuma yao na kumgusa kila mmoja bega.

"Mkono?" huuliza.

"Mzima," hujibiwa.

Kope amelijibu swali hilo kwa uongo kwa miezi. Kwake ni mtego. Anaamini Kocha anatafuta nani wa kuondolewa.

Leo Kocha anaanzia upande wa mlango. "Mkono?" "Mzima." "Mkono?" "Mzima." Kope ni wa tatu. Kiganja cha Kocha kinatua begani.

"Mkono?"

Neno lipo mdomoni, limezoea njia. Anafungua kinywa lipite.

"Unauma, Kocha."

Wenzake wanageuka. Kocha haondoi kiganja.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

Mvua zimeshakwisha siku nyingi. Kocha anavuta kiti, anaketi karibu naye, na kwa muda mrefu anautazama ule mkono bila kuugusa. Amekasirika, na haoni haja ya kuficha.

"Unajua kwa nini nauliza kila siku?" anasema hatimaye. "Mwenzako aliyekuwa hapo aliniambia mkono ukiwa umeshakwisha. Alinificha karibu mwaka mzima. Ningejua mapema, angekuwa amekaa hapo mpaka leo. Nilianza kuuliza kwa sababu yake. Na wewe umenijibu mzima, mzima, mzima."

Kope analia, na safari hii hajapaka dawa yoyote.

"Inuka," anasema Kocha.

Mchezaji wa akiba anaingia, anarekebisha kimo cha kiti. Kile kiti kinashuka kwa mlio wa pumzi. Kope anakaa kwenye benchi ukutani, mkono mapajani. Jumamosi atakuwa kwenye benchi kama hilo, na kanuni za mchezo hazimruhusu kuwatamkia wenzake hata neno moja. Wakishindwa atakuwa ameona kwa macho yake yale yasiyopepesa.

Mazoezi yanaanza. Mchezaji wa akiba anachelewa kugeuka upande wa kushoto, na kila akichelewa goti la Kope linaruka. Anaikodolea saa. Mia moja sitini na tatu. Hajagusa kitufe hata kimoja. Anaipiga picha namba ile na kumtumia kaka yake.

Jibu linakuja kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za uwanja. "Karibu benchi, mdogo wangu. Huko ndiko moyo hufanyia mazoezi."

Kope anasema atapumzisha mkono mpaka mchua misuli amruhusu. Anataka kurudi, wakifuzu au wasifuzu. Anataka pia kupita njia panda na kumuuliza yule mwenzake kama aliwahi kuonyesha mkono wake kwa mtu, au wote wawili waliufunika kwa taulo. Kuhusu makala haya alisema, "Liandike. Ameshajua anayepaswa kujua."

Anapoulizwa anaogopa nini zaidi, timu kushindwa bila yeye au kushinda bila yeye, anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha anaomba swali hilo aliruke.

Mazoezi yanapokwisha, Kocha anawaita wote waweke tena mikono mezani. Kope anabaki ukutani. Kocha anapita nyuma ya viti, anauliza, anajibiwa. Akimaliza wa tano hasimami. Anakuja mpaka kwenye benchi na kumgusa bega.

"Mkono?"

Kope anauinua ule wa kulia, kifundo kimevimba, na kuuweka wazi juu ya goti.

"Bado, Kocha."

"Haya," anasema Kocha. "Kesho nitauliza tena."