Zuio la Crane, Kibao cha Lorene

Lorene Tackett alikuwa hodari wa kuweka kinyongo. Nilipanga chumba chake cha juu miaka miwili, katika mji mdogo wa Oklahoma, na sikumsikia hata siku moja akimsema vizuri Delbert Crane, fundi aliyemwezekea paa baada ya mvua ya mawe.

Paa lilivuja. Lorene akagoma kumalizia malipo, Crane akaandikisha zuio juu ya nyumba, isiuzwe kabla hajalipwa deni lake. Mafundi wa huko huchomeka uani kibao chenye jina lao wakati wa kazi. Lorene hakuking'oa. Chini ya PAA NA CRANE akaongeza kwa rangi nyekundu: LINAVUJA. Hata baada ya fundi mwingine kuliziba, kibao kilibaki.

Crane hakwenda mahakamani kulidai deni, muda wa kisheria ukapita, zuio likafa kisheria.

Kisha magoti yakamshinda Lorene kupanda ngazi. Akapata mnunuzi, na nyumba isiyo na ngazi huko Tulsa, karibu na bintiye, ambayo ingemsubiri mpaka Ijumaa tu. Jumanne ofisi ya hati za nyumba ikapiga simu: zuio bado limo daftarini, hawapitishi mauzo bila saini ya Crane au amri ya mahakama. Mahakama ingechukua mwezi.

"Si limekufa!" Lorene akafoka.

"Limekufa, mama. Lakini bado linasomeka."

Nikampeleka kwa Crane. Alikuwa barazani anakula, hakuinuka.

"Bi Lorene. Kumbe bado upo?"

"Nangoja wewe utangulie. Tia saini hapa."

"Ng'oa kibao kwanza."

"Zuio lako limeoza, Delbert. Sheria iko upande wangu."

"Basi kalale na sheria yako. Miaka sita nachekwa dukani. Mwanangu kafuta jina letu kwenye gari la kazi."

"Lilivuja."

"Lilivuja, ndiyo! Nikaja mara mbili kurekebisha, ukanifungulia mbwa."

"Mara moja."

Alhamisi alfajiri Lorene alihangaika kuking'oa kile kibao peke yake, akinifukuza kila nikisogea. Baadaye benki, mbele ya karani mwenye muhuri wa kuthibitisha saini, Crane akasaini. Lorene akamsukumia kibao juu ya kaunta, udongo ukamwagika.

"Chukua. Kafute mwenyewe."

Crane akatoka amekikumbatia, maandishi yakielekea kifuani.

Ijumaa nyumba ikauzwa, nikamwendesha Lorene hadi Tulsa.

"Hata asante hajasema, yule nguruwe," akalalamika njiani.

Nikamuuliza kama yeye alisema.

"Angalia barabara," akanijibu.