Alama za Mwalimu wa Maabara

Chuoni kwetu hakuna mtu anayepanga vitu kama Bi Ghala. Jina hilo nilimbandika mimi, na likamganda. Nyaya za kompyuta yake amezifunga kwa utepe na kuandika kila waya unakokwenda, na ukiazima stepla yake anaandika tarehe. Tumekaa ofisi moja miaka kumi na moja, meza kwa meza, yeye akitunza mfumo wa masomo ya mtandaoni, mimi nikichapa vyeti. Niseme mapema kwamba katika haya yeye hana kosa. Wapo wanaosema analo, na wakisema mbele yangu napandwa na hasira.

Miaka miwili iliyopita seva ilijaa. Kozi za miaka kumi zilikuwa zimerundikana humo, na mfumo ukawa unakokota miguu. Mwanafunzi akibonyeza mahali, aliweza kwenda kunywa chai akarudi. Mkuu wa idara akaleta waraka: kila kozi iliyozidi miaka mitano ihamishiwe ghalani, yabaki majina, tarehe na alama tu. Kazi za wanafunzi, mijadala na maoni ya walimu vifutwe, kwanza vinakula nafasi, pili ni mambo ya watu na hatuna sababu ya kuendelea kuyashika. Waraka ulikuwa na akili, sikatai. Bi Ghala alijaribu kozi tatu kwanza, akahakikisha alama zimehama zote, akaandika ripoti, mkuu akatia sahihi. Nakala ya akiba ilikaa siku tisini kama utaratibu unavyotaka. Hakuna aliyelalamika, ikafutwa.

Sasa, tulikuwa na mwalimu wa maabara, mzee mmoja mcheshi na mkaidi, ambaye siku hizo alikuwa ameshastaafu. Kile kisanduku cha kujazia alama alikichukia. Alisema mtu hapewi namba kavu kama mfungwa. Alama aliziandika kwenye maoni, katikati ya maneno yake: umepata sabini na moja, darubini unaishika vizuri, ila jifunze kuandika tarehe. Kisanduku chenyewe alikiacha kitupu. Mwisho wa mwaka alikuja mezani kwangu na kikaratasi chenye alama za wanaohitimu, nikazipiga kwenye vyeti, kikaratasi nikakitupa. Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nikimtania kwa hilo, namwambia ataniua kwa mwandiko wake. Na siku Bi Ghala alipobonyeza kitufe cha kuhamisha zile kozi, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, namenya chungwa. Haikunijia kichwani hata kidogo.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, akaja mama mmoja na faili kifuani. Anaosha vyombo vya maabara katika hospitali moja. Alikuwa mwanafunzi wetu zamani, akamaliza kozi saba kati ya nane, mama yake akapooza, akaacha. Miaka sita alimuuguza. Mama yake alipofariki alirudi, akaimaliza ile ya nane, na sasa alitaka cheti. Hospitali ilikuwa imempa hadi mwisho wa mwezi: akileta cheti anapanda kuwa fundi wa maabara, asipoleta nafasi inakwenda kwa mwingine.

Bi Ghala alifungua ghala. Kozi sita zilikuwa na alama. Ya saba, ya mazoezi ya maabara, ilikuwa tupu. Nikamuuliza yule mama, kwa ukali kidogo kama kawaida yangu, kama mtihani wa mwisho kweli aliufanya.

"Niliufanya," alisema. "Aliniandikia sabini na nne. Akasema nimejifunza kusubiri, maana mwanzoni nilikuwa na haraka na sampuli."

"Alikuandikia wapi?" Bi Ghala aliuliza.

"Pale chini, kwenye maoni."

Bi Ghala akageuka kuniangalia. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini hakuhitaji kuniuliza. Alirudi kwenye kompyuta na kufungua kozi zote za yule mzee, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hivyo hivyo, majina upande huu na weupe upande ule. Waliohitimu wakati ule wana vyeti vyao. Walioishia njiani, kama huyu, hawana chochote.

Tulikwenda kwa mkuu wa idara. Si mtu mbaya, alisikiliza hadi mwisho. Alisema alama haitolewi kwa masimulizi, na kozi yenyewe haifundishwi tena tangu mzee aondoke. Labda mwalimu aje na daftari lake. Vinginevyo yule mama aanze upya katika mpango mpya, miaka miwili.

Jumamosi tukaenda watatu nyumbani kwa mwalimu. Mkewe alitukaribisha, akatutahadharisha pale pale mlangoni kwamba siku hizi anasahau. Yule mama akamwamkia, shikamoo mwalimu, na mzee akaitikia kwa furaha kubwa, akamshika mkono asiuachie. Daftari? Hakuwahi kuwa na daftari. Tukamuuliza kama anamkumbuka, kama anaikumbuka alama yake.

"Nyote mlikuwa wazuri," alisema. Kisha akamgeukia Bi Ghala. "Lakini si iko kule kwenye kompyuta? Kule hakipotei kitu."

Bi Ghala alisema ndiyo, mwalimu. Njiani kurudi alikuwa akifuta miwani yake, anaivaa, anaivua, anaifuta tena. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa pa kuanzia, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Siku ya mwisho ya mwezi yule mama alipita ofisini akiwa na sare ya kazi. Bi Ghala alikuwa amemwandalia karatasi, kila kitu ambacho ghala lilikuwa nacho juu yake katika kozi ile: jina, namba ya usajili, siku aliyoingia mara ya kwanza, siku aliyotoka mara ya mwisho, na jumla ya mara alizoingia. Mia mbili na kumi na nne. Hayo yalihifadhiwa vizuri kabisa. Alama, tupu.

Aliisoma amesimama. Halafu akaja mezani kwangu, akaiweka mbele yangu na kuinyoosha kwa kiganja.

"Nigongee muhuri," alisema.

Nikamwambia haitamsaidia hospitalini.

"Najua. Nigongee tu, ionekane nilikuwepo."

Muhuri unagongwa kwenye cheti kilichotiwa sahihi na mkuu, basi. Ndivyo ilivyoandikwa, na mimi ndiye huwasomea wengine kifungu hicho wakija kunibembeleza. Bi Ghala alikuwa ameacha kuchapa, ananiangalia. Yule mama alisubiri bila haraka yoyote. Droo ya muhuri iko hapa, inagusa goti langu la kulia. Nilimwambia siruhusiwi, akaikunja karatasi mara mbili, akatushukuru wote wawili, akaenda kazini kuosha vyombo.