Kiti Chenye Joto

Saa kumi za usiku zilimkuta mama fundi bado yuko dirishani, shuka begani, simu mkononi. Kwa mara ya tisa sauti ya mtandao ilimwambia kuwa namba anayopiga haipatikani. Mumewe alikuwa ametoka na gari tangu jana mchana, eti anakwenda kubadilisha oili.

"Oili ya gari au ya kukaangia?" binti yake alitania kutoka kitandani. "Mama, lala. Baba ni mtu mzima."

"Watu wazima ndio wa kuogopwa."

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akishona kava za viti vya magari, na viti alivijua kama mwingine anavyojua nyuso za majirani. Mumewe alipoleta hilo gari la familia, lililotumika lakini bado linang'aa, mama fundi alilizunguka mara mbili bila kutabasamu. Viti saba! Nyumbani walikuwa watatu.

"Hao wanne wengine ni nani?" aliuliza.

Mume akacheka. Akamwonyesha kamera ya nyuma, viti vya mwisho vinavyolala vikawa sakafu, na mlango wa buti unaojifungua kwa kitufe. Alivyozidi kusifia, ndivyo mkewe alivyozidi kumkazia macho.

Kisha Jumatano moja aliingia kupima kiti cha abiria akakikuta na joto. Si la jua. Gari lilikuwa kivulini. Pembeni kitaa chekundu kilikuwa kinawaka, cha kupasha kiti moto.

"Kwa hali ya hewa hii, baba watoto? Ulikuwa unaoka mkate?"

"Nilibonyeza kwa bahati mbaya."

Jumatano iliyofuata bahati mbaya ikarudi. Safari hii kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma na kulazwa, kama cha mtu anayejiona yuko kwake. Aliendelea kushona, na sindano ikamchoma mara mbili.

Kulipopambazuka baada ya usiku ule wa dirishani, gari liliingia uani. Alifungua mlango wa mbele kabla injini haijazimwa, akabandika kiganja kitini. Baridi. Hapana mtu.

"Yuko wapi?"

Mumewe hakujifanya haelewi. "Yuko nyuma, amelala. Ni dada yako."

Dada! Hawakuwa wamesemezana miaka sita, tangu cherehani ya marehemu mama yao ilipotoweka wiki ile ya msiba.

"Kila Jumatano nampeleka kliniki ya mgongo," mume alisema. "Kiti cha moto humtuliza. Jana walimchoma sindano, wakamwangalia usiku kucha, na simu ikanizimikia. Kwake hana wa kumuuguza. Alinikataza kukuambia."

"Nawe ukakubali kuwa mtunza siri."

"Nilikubali kuwa dereva."

Mume akabeba begi la mgonjwa, akaingia ndani. Kishikio cha mlango wa nyuma kikasikika kwa ndani: ka, ka. Haukufunguka. Mwenye gari wa zamani alikuwa ameweka loki ya watoto, na mlango ule ulikuwa ukifunguliwa kwa nje tu.

Mama fundi alisogea kwenye kioo cheusi.

"Dada, cherehani uliipeleka wapi?"

"Nifungulie kwanza, mdogo wangu. Mgongo unaniua."

"Jibu kwanza."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya kioo: "Niliiuza. Halafu nikaona haya kukutazama."

Alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Alisimama kidogo, mkono juu ya kishikio, kisha akavuta. Mlango ukafunguka, harufu ya dawa ikamjia usoni.

"Shika bega langu," alisema. "Polepole. Na usidhani tumemaliza."