Mashimo Kumi na Nane ya Uskoti, Ghorofa ya Tatu

Katikati ya miaka ya 2010 nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Dubai Marina. Hoteli ikaleta mashine ya gofu, chumba kizima chenye turubai jeupe ukutani. Unapiga mpira wa kweli, unagonga turubai, kisha unauona ukiendelea kuruka ndani ya picha ya uwanja.

Ijumaa moja asubuhi meneja wetu aliniita mimi na mlinzi wa mlangoni, Mganda mpole mwenye mabega kama kabati. Alikuwa ameingiza kwenye mashine uwanja mmoja wa zamani sana wa Uskoti, akataka uchezwe wote, asije mgeni akakwama katikati.

"Lakini madam, hatujui gofu," nikasema.

"Vizuri. Mkishindwa kuiharibu nyinyi, hataiharibu mtu. Yalla, haya anzeni."

Taa zikafifia. Mbele yetu ikatandazika bustani isiyo na mwisho: nyasi kama zulia, mialoni minene kulia na kushoto, manyunyu, na nyumba ya mawe kwa mbali. Nje jua la Julai lilikuwa linachoma lami. Mimi nikajikuta nakaza mtandio shingoni kwa baridi.

"Tangulia, dada."

"Mwenye nguvu ni wewe, kaka."

Akapiga. Mpira ukagonga mwaloni, ukagonga wa pili, ukarudi nyuma ya pale tulipokuwa. Zamu yangu nilikosa mara tatu. Mara ya nne nilijizungusha kwa nguvu zote, kiatu kikanitoka mguuni, kikaruka hadi kwenye turubai. Mashine ikakihesabu. Mita arobaini, katikati kabisa ya uwanja.

Mlinzi akaangalia kiatu, akaangalia turubai. "Hilo ndilo pigo letu bora mpaka sasa," akasema, na hakuwa anatania. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kufika shimo la kumi mikono ilikuwa imeanza kuelewa. Tukawa tunabishana juu ya upepo, sisi tuliofungiwa ndani na kiyoyozi. Shimo la mwisho nikausukuma mpira kutoka mbali. Ukapinda, ukasitasita ukingoni, ukatumbukia. Tulishikana mikono tukazunguka chumba kama watoto wa madrasa walioanza likizo.

Tulipogeuka, madam alikuwa mlangoni na mgeni mzee, Mskoti. Nikashusha mikono, nikaanza kuomba radhi.

"Nimeucheza uwanja huo tangu nikiwa kijana," mzee akasema. "Shimo hilo sijawahi kulipata kutoka pale."

Akavua koti, akamwomba madam atuachie kidogo. Tukacheza watatu, yeye akinirekebisha viwiko, mlinzi akiukagua kila mti kabla ya kupiga, mpaka madam aliporudi akasema khalas, imetosha, watu wanangoja mapokezi.

Nilishuka na lifti nikiwa bado napepesuka kwa furaha. Mgeni wa kwanza kaunta aliniomba funguo, nikamkaribisha Uskoti.