Watoto wa Musizi Mmoja

Mti wa musizi ni mbao, ni kuni, ni kivuli cha kahawa, na mama mwenye kitalu pale Bwera haokoti mbegu zake ovyo. Huzitoa chini ya mti mmoja tu, ule ulionyooka nyuma ya kanisa. Huisugua kila mbegu kiganjani mpaka ing'ae, huinusa, kisha huifunga kwenye pindo la kitenge. Misizi mingine ya pale, iliyopinda, aliwaambia watu waikate kuni isije ikaharibu uzao. "Mama muzuri anazaa watoto wazuri," huwaambia wateja, na miche yake imefika hadi Kitswamba.

Huko ndiko alikotoka Biira, mkulima, na tawi kavu mkononi. "Miti yangu yote inakufa, mama. Inaanzia juu, inashuka."

"Na ya jirani?"

"Ya jirani pia. Sisi wote tulitoa kwako."

Mama mwenye kitalu alikwenda nyuma ya kanisa, akakwangua gome la mti wake kwa ukucha. Ndani palikuwa peusi, pameoza. Akageuka polepole, mkono ungali umeshika pindo la kitenge, akatafuta musizi mwingine wa kuokotea mbegu. Aliona visiki tu.