Michikichi Iliyogeuka Tiketi

Mama alipoanza kukataa chakula, aliomba jambo moja tu: amwone mdogo wangu, aliyekuwa Omani akifanya kazi za ndani. Bosi wake alimpa ruhusa, nauli akamnyima.

"Mkataba haujaisha. Ukitaka kwenda, jilipie."

Hakuwa na akiba. Alichopata alikuwa akitutumia sisi, nasi tulikuwa tukikila.

Nikapanda gari kutoka Rumonge hadi Bujumbura, kwenye ofisi ya wakala wa ndege. Kijana wa pale akatazama mashine yake, akasema, "Mama, ungekuja mwezi uliopita ungelipa nusu."

"Mwezi uliopita mama yangu alikuwa anakula," nikamjibu.

Kitu cha thamani tulichokuwa nacho ni michikichi yetu ya kule Minago, aliyotuachia baba. Jirani yetu, mfanyabiashara wa mawese, aliitamani siku nyingi. Nilipomwendea aliuliza swali moja: "Hiyo ndege iko lini?" Nikasema Alhamisi. Hapo hapo akashusha bei. Nilikubali, ningefanya nini? Pesa ilitosha tiketi, ya dawa haikubaki.

Mama alikata roho Jumatano alfajiri. Kwetu maiti haisubirishwi. Baada ya adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Nikampigia yule kijana wa tiketi.

"Ya bei hii hairudishwi, Mama, wala haisogezwi. Pole sana."

Basi mdogo wangu akapanda ndege akijua anakuja kuona kaburi. Alifika na blanketi jipya la Mama, bado limo kwenye nailoni yake. Makaburini alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanigeukia.

"Dada, kweli mumeuza michikichi?"

"Ungekuja na nini?"

"Si bora ile pesa mungemupeleka nayo hospitali?"

"Aliomba akuone wewe. Hospitali hakuomba."

"Mugonjwa anaomba tu. Wewe ndiye ulikuwa mzima."

 

Tiketi ilikuwa na siku yake ya kurudi, nayo haikutujali tumepatana au hatujapatana. Nilimsindikiza uwanjani. Alinipa mkono kama mtu anayemuaga mpangaji mwenzake, akaingia ndani bila kugeuka. Siku hizi anapiga simu Idi kwa Idi. Anasema vifurushi vya simu vimepanda bei.